Bahari Haimgandishi Mwanawe

Oktoba 6

Tumefika kambini jana alasiri, baada ya kuvuka uwanda ambao Mjomba Embergen angali anauita kilindi. Lori lilikuwa likisaga makome makavu, naye akinyoosha kidole dirishani: hapa maji yangemzamisha ngamia aliyesimama juu ya ngamia, hapa tulivua kambare, pale upepo ulipindua mashua ya marehemu kaka yake. Jollibay, mwanawe, ambaye ndiye dereva wetu, alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Bahari tuliikuta chini ya genge la Ustyurt, imekonda, buluu kupita kiasi. Wageni huiita ziwa. Kazi ya kambi ni kuvuna mayai ya kamba wadogo mno, viumbe pekee walioweza kubaki katika chumvi hii. Mayai huelea, upepo huyasukuma ukingoni yakawa utepe wa rangi ya matofali, nasi huyachota kwa nyavu, huyachuja na kuyatia magunia, na wafuga samaki wa nchi za mbali huyanunua kulishia vifaranga vyao. Mimi nimeletwa na jambo jingine: chuo kimeniruhusu muhula huu kufuatilia chumvi na joto la maji mpaka baridi ifunge msimu. Mjomba amenipokea kwa sharti moja, kwamba nichote kama wengine.

"Kipimajoto chako hakivuti wavu, mwanangu," alisema.

Oktoba 7

Mgongo. Sina la kuandika zaidi.

Oktoba 11

Leo asubuhi hewa ilishuka chini ya sifuri kwa mara ya kwanza, na glavu zilizolowa ziligeuka magome. Tulipomaliza kuvuta nyavu niliwaona watu wote, pasipo kuambizana, wakishuka ukingoni, wakavua glavu, wakapiga magoti na kuzamisha mikono majini hadi kwenye vifundo. Walikaa hivyo wakizungumza, kama watu waliouzunguka moto.

"Njoo, Injigul," Mjomba aliniita. "Au huko chuoni mnaota moto wa karatasi?"

Nilizamisha yangu. Maji yalikuwa na nyuzi nane juu ya sifuri, na mikono yangu, iliyokuwa imekufa ganzi, ilinirudia kidole kimoja kimoja. Ilikuwa raha ambayo sikuitarajia. Mjomba akanieleza kwamba babu yake alifanya hivi, na baba yake, na yeye mwenyewe katika miaka yote aliyovuta nyavu chini ya barafu: hewa inaweza kumla mtu masikio, lakini toboa barafu, tia mkono ndani, nao utapona.

"Bahari haimgandishi mwanawe," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma aya.

"Haimgandishi," wakaitikia wengine.

Oktoba 15

Gramu mia moja na kumi na nane za chumvi katika lita moja. Nilirudia kipimo kwa sababu sikukiamini, kisha nikakirudia tena kwa sababu sikutaka kukiamini. Mama yangu alipokuwa msichana, lita hiyohiyo ilibeba gramu kumi. Tarakimu hizi nilizijua, nimezifundisha. Kumbe kuijua tarakimu ni jambo moja, na kuiona imetuama mbele yako ndani ya chupa ni jambo jingine kabisa.

Kwa hesabu, maji haya hayataanza kuganda kabla ya kufika nyuzi sita chini ya sifuri, huenda saba. Ni hesabu safi. Itafaa kuwa swali la mtihani.

Oktoba 19

Tukio la aibu na la kuchekesha, ambalo hata hivyo limenishtua zaidi ya lilivyostahili.

Usiku wa baridi uliuacha ukingo umeota vioo: fuwele ndefu, angavu, safi kuliko barafu yoyote. Tangi la maji matamu lilikuwa limebaki na matope. Jollibay alikumbuka hadithi ya babake kwamba wavuvi wa zamani waliyeyusha barafu ya bahari kupikia chai, kwa kuwa bahari inapoganda huiacha chumvi nyuma. Hilo ni kweli, nami nisingelipinga. Akajaza ndoo vile vioo, akampelekea mkewe Tazagul, anayetupikia sote, naye akaweka birika motoni.

Haikuwa barafu. Ilikuwa chumvi ya haluli, ile wanayouza maduka ya dawa kwa watu waliofungwa tumbo. Baridi ikizidi, bahari hii huitema kabla ya kuganda. Wengi tulionja tukatema. Mjomba alimaliza kikombe.

"Chungu kidogo," alisema. "Ya zamani nayo ilikuwa chungu kidogo."

"Baba, acha," Jollibay alimwambia.

"Niache nini? Mimi nimekunywa barafu hii wewe hujazaliwa."

Siku nzima tulimwona akienda na kurudi nyuma ya tuta la mchanga, kichwa juu, hatua za heshima. Hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake, na Tazagul alijificha ndani ya yurta, hema letu la sufu, akiuma ncha ya kilemba chake. Nami nilicheka. Lakini nimekuwa nikikiwaza kile kikombe. Ulimi wake ulimwambia ukweli, naye akaukatalia.

Oktoba 27

Upepo kutoka kaskazini. Utepe wote umehamia ng'ambo. Hakuna kazi.

Novemba 3

Jollibay alinikuta nikipima maji, akachuchumaa kando yangu.

"Dada, wewe ni mtu wa kemia. Niambie kwa nini bahari haigandi na rejeta yangu inaganda."

"Rejeta yako ina nini ndani?"

"Maji. Na dua."

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Maji yakitaka kuganda lazima yapange safu, kila chembe mahali pake. Kitu kilichoyeyuka ndani yake huwa kama watu wanaokatiza katikati ya gwaride. Safu haipangiki mpaka baridi iongeze ukali. Kinachohesabika ni wingi wa hao wakatizaji, wala si aina yao. Chumvi inapoyeyuka, kila kipande chake huvunjika viwili, kwa hiyo hufanya kazi ya watu wawili. Sukari haivunjiki, hubaki nzima nzima, ikafanya kazi ya mmoja. Dawa ya rejeta nayo haivunjiki, ila hutiwa nyingi, nusu kwa nusu.

"Basi nimimine bahari kwenye rejeta, nipate wawili kwa bei ya mmoja."

"Itakula chuma kabla ya Mwaka Mpya."

"Na chai yangu ya sukari?"

"Kwa sukari unayotia, Jollibay, huenda isigande milele."

Tazagul alikuwa akipita na kuni za saksauli. "Afadhali anywe hiyo ya rejeta, wifi," alisema kwa sauti ya chini, maana baba mkwe wake hakuwa mbali. "Nibakiwe na sukari."

Jollibay ameahidi kununua dawa safari ijayo ya mjini Moynaq. Nilimwambia pia kwamba hata yale mayai tunayoyachota yamejikinga hivyohivyo: yana sukari yao ndani, ndiyo maana baridi haiyaui. Akakitazama kiganja chake kilichojaa vumbi jekundu kana kwamba kimemtukana. "Kiyai kama hiki," alisema, "na kinanizidi akili."

Novemba 10

Kipimajoto kimeonyesha nyuzi moja na robo chini ya sifuri, majini, karibu na ukingo. Mawimbi yalikuwa yakicheza.

Naandika bila kujificha jinsi akili yangu ilivyoenda. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba kipimajoto kimeharibika. Mimi niliyeifanya ile hesabu ya Oktoba, nikaisifu, nilipoyaona maji yanatembea chini ya sifuri nilishindwa kuyasadiki. Macho yana elimu yao ya zamani, na elimu hiyo husema kwamba maji yanayotembea si baridi sana. Nilichukua theluji safi ya juu ya genge, nikaiacha ianze kuyeyuka katika bakuli, nikatia kipimajoto. Sifuri kamili. Nikarudi baharini: moja na robo chini.

Kipimajoto ni kizima. Walakini siku moja si ushahidi.

Jioni tulizamisha mikono kama kawaida. Sikuona tofauti kubwa, au sikutaka kuiona.

Novemba 12

Nimezungumza na Mjomba. Nilingoja amalize chai, nikakaa upande wa mlango kama ipasavyo.

"Mjomba, ile desturi ya kutia mikono baharini. Huenda ingefaa tuiache kwa sasa. Maji yameshuka chini ya sifuri. Sina hakika yanadhuru kiasi gani, lakini huenda—"

"Yameganda?"

"Hapana."

"Basi yako juu ya barafu. Kitu ambacho hakijaganda kina joto kuliko kilichoganda. Hata mtoto anajua."

"Yalikuwa hivyo maji ya zamani. Haya huenda ni tofauti."

"Huenda, huenda." Akawageukia wengine. "Serikali imemsomesha miaka yote hii, amerudi na neno moja. Bi Huenda."

Walicheka, nami nikacheka pia, kwa sababu utani wa mjomba haujibiwi kwa uso mkavu. Nilijitetea moyoni kwamba nimekwisha sema. Sasa ninapoandika naona kwamba nilisema kwa namna inayomruhusu mtu asisikie. Lakini je, ningeweza kusema vingine? Nina vipimo vya siku chache. Yeye ana vya vizazi vitatu, navyo vimeandikwa katika vidole kumi ambavyo vyote bado anavyo.

Novemba 13

Maji: mbili chini ya sifuri. Bado maji.

Novemba 14

Bi Huenda, leta wavu. Bi Huenda, supu imepoa au huenda imepoa? Jina limeshika.

Novemba 16

Jollibay amerudi na dawa ya rejeta, kopo la kijani, na unga wa mtama. Maji: mbili na nusu chini.

Novemba 17

Tulikuwa tukikanda mkate wa mtama, mimi na Tazagul. Alibonyeza unga kwa viganja, vidole amevinyanyua. Nilimuuliza.

"Vinavuma, wifi. Kama nyuki wamo ndani."

Nilivitazama. Ncha tatu zilikuwa nyeupe, na nilipozibana hazikurudisha damu haraka.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kuosha magunia. Baba akisema tutie mikono, natia."

"Yanauma maji?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Yanauma kama moto. Mwanzo. Halafu hayaumi tena."

"Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa nyumba hii. Mke wa mwana hamwambii baba mkwe kwamba dawa yake inauma. Yeye hata jina lake halitamki. Akitaka kumtaja husema "mwenye yurta".

Niliogopa. Kuanzia leo napasha mikono kwa maji ya birika, na nimemwambia afanye hivyo kwa siri. Nimeandika "kwa siri", nikalitazama neno hilo kwa muda. Mtu mwenye shahada mbili anaficha maji ya vuguvugu kama mwizi.

Novemba 18

Tatu chini. Bado maji.

Novemba 19

Tatu na nusu. Mjomba anasema baridi ya mwaka huu ni ya uongo, kwa kuwa bahari haijashika hata utando. "Zamani kufikia sasa tungekuwa tunaendesha mikokoteni juu yake." Ameyatazama mawimbi kwa furaha. Kwake maji wazi ni rehema.

Novemba 20

Hewa kumi na mbili chini, bila upepo. Nne na nusu majini.

Novemba 22

Nitaandika kwa mpango, kwa sababu mpango ndicho kitu pekee nilichobaki nacho. Tumo njiani, tumesimama Jollibay aangalie gurudumu.

Jana baada ya adhuhuri upepo uligeuka ukawa wa mashariki na kuyaleta mayai yote ya bahari kwetu. Utepe ulikuwa mpana kama barabara. Hewa ilikuwa kumi na sita chini ya sifuri. Bahari ilikuwa ikipiga, nyeusi, nzito kama mafuta, na mahali pasipo mawimbi, nyuma ya mwamba, nikaona kwa mara ya kwanza uji mwembamba wa barafu. Nilipima hapo: sita kasoro kidogo. Ile hesabu yangu ya Oktoba ilikuwa imesimama mbele yangu, sahihi kabisa, inatembea.

Tulichota mpaka mikono ikakataa. Tazagul alijaribu kufunga gunia, vidole havikukunjika. Gunia likaanguka, mayai yakamwagika juu ya theluji. Hakulia. Alisimama tu akiitazama mikono yake.

"Baharini," Mjomba akamwamuru. "Haraka. Nyote."

Tazagul akashuka. Mjomba akashuka naye, wakapiga magoti, wakazamisha. Nilikuwa hatua chache nyuma yao na kipimajoto kingali mkononi mwangu. Nilimwona Tazagul akiinua uso. Midomo yake ilikuwa imefunuka kidogo, na hakuna sauti iliyotoka.

Nilimshika vifundo vya mikono nikamtoa majini.

"Mwache," Mjomba alisema.

"Simwachi."

"Injigul, nimesema mwache. Unamkatizia dawa."

"Mjomba, maji haya ni nyuzi sita chini ya sifuri. Yanagandisha nyama. Toa mikono yako."

Naamini hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuzungumza naye bila lile neno. Huenda kama ningekuwa nimelitumia, angecheka na kuinuka. Sijui. Nimewaza hilo njia nzima. Nilimtolea amri mbele ya watu wake, yeye aliyewavusha baba zao juu ya barafu, na amri ilimfunga pale pale.

"Maji ni maji," alisema taratibu. "Tazameni wote. Bahari haimgandishi mwanawe." Hakuna aliyeitikia.

Jollibay alishuka. "Baba, inuka. Umekwisha tuonyesha."

"Nenda kwenye lori lako."

"Baba, nakuomba."

"Nenda ukaombe rejeta."

Akabaki. Alikaa pale kwa muda ambao birika hupata kuchemka. Nilidhani akiona maumivu atatoa. Nilisahau aliyoniambia Tazagul. Uso wake ulikunjamana mwanzoni, kisha ukalainika, akageuka kutuangalia, na akatabasamu. Sitalisahau tabasamu lile.

"Mnaona?" alisema. "Haiumi tena. Imepona."

Alipotoa mikono ilikuwa myeupe kama nta. Alijaribu kushika ukingo wa ndoo ili ainuke, na vidole vyake viligonga bati, ko, ko, kama vijiti. Alizisikia sauti zile kabla yetu sote. Akavitazama vidole. Akagonga tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

Jollibay alimbeba hadi ndani. Mtu mmoja aliokota theluji amsugue, nikamzuia. Mwingine akamvuta karibu na jiko, nikamzuia pia. Nilisema maji ya vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga, na Tazagul alikuwa tayari nayo, kwa sababu tangu siku ile ya mkate alikuwa akiyaweka kando kila jioni. Aliyaleta karaini. Akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, na vidole vyake mwenyewe vimevimba, akamwambia usoni:

"Tia mikono, baba. Haya hayakudanganyi."

Naye akatia. Rangi ilirudi viganjani kwanza, nyekundu, kisha zambarau, kisha maumivu yakafika. Mjomba Embergen hakupiga kelele. Alitoa sauti niliyoifananisha na ya ngamia anapozaa. Watu wazima walitoka nje.

Vidole vyenyewe havikubadilika rangi nusu nzima ya juu.

Lori liliwaka kwa jaribio la pili. Kama rejeta ingekuwa na maji na dua tu, ingekuwa imepasuka tangu juzi. Jollibay aliguna hivyo mwenyewe, kisha akatia gia. Mjomba amelala nyuma yetu, mikono imefungwa kwa vitambaa safi, kila kidole peke yake. Tunavuka kilindi. Hajanyoosha kidole kuonyesha chochote.

Novemba 23

Moynaq hawakuwa na la kufanya ila sindano za maumivu. Tumempeleka hospitali kubwa ya Nukus. Amelazwa. Tazagul ametibiwa pia. Vyake vitabaki vyote, ila daktari anasema vitachukia baridi maisha yake yote.

Novemba 26

Silali vizuri. Leo, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, nilifanya hesabu nyuma ya kadi ya kliniki, na matokeo yake yamenishtua kuliko kipimajoto.

Nilitaka kujua kama Mjomba alikuwa mjinga siku zote au amekuwa mjinga juzi tu. Damu ya mtu nayo ni maji yenye vitu vilivyoyeyuka, chumvi zaidi, na sukari kidogo. Ina takriban gramu tisa za chumvi katika lita. Kwa hiyo haigandi kwenye sifuri. Huganda nusu nyuzi hivi chini yake. Na bahari ya zamani, ile ya babu zake, ilikuwa na gramu kumi.

Yaani bahari ile ilikuwa na chumvi kama damu. Ilianza kuganda pale pale ambapo damu ingeganda. Maadamu maji yake yalikuwa bado maji, hayakuweza kuwa baridi kiasi cha kugandisha mkono. Kabla hayajafika huko yenyewe yangekuwa barafu. Hewa ingeweza kuwa thelathini chini, na mvuvi akatoboa shimo, akazamisha mikono, akawa salama. Haikuwa imani. Walikuwa wameipima, kizazi baada ya kizazi, kwa kifaa walichokuwa nacho.

Nimeirudia hesabu mara nyingi nikitafuta kosa, maana sipendi matokeo yanayopendeza namna hii. Chumvi za bahari ile hazikuwa zilezile za damu; ulinganifu wangu ni wa takriban. Lakini haufi. Bahari haikuweza kumgandisha mwanawe. Methali ilikuwa kweli kabisa, kweli kama kanuni yoyote ninayoiandika ubaoni, mpaka mito ilipogeuzwa kwenda kwenye mashamba ya pamba, maji yakapungua, chumvi ikabaki ikijikusanya mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyemjulisha mzee yule kwamba yule anayemwita mama si yule tena.

Na mimi nilikuwa na tarakimu zote mbili tangu Oktoba. Ya bahari na ya damu. Zimekaa kichwani mwangu kama watu wawili waliopanga nyumba moja wasiojuana majina.

Novemba 30

Nilimweleza Mjomba hayo. Alisikiliza macho yakiwa darini.

"Kwa hiyo sikuwaongopea," alisema hatimaye. "Wale vijana, miaka ile. Niliwatia mikono kwa nguvu, wengine wakilia."

"Hukuwaongopea, Mjomba. Uliwaponya."

"Na Tazagul?"

Nililinyoosha blanketi lake. Yeye mwenyewe aligeuza uso ukutani.

Desemba 2

Kambi imefungwa. Wenzetu wamerudi. Wanasema bahari bado haijaganda, na kwamba hakuna aliyeshuka ukingoni bila birika.

Desemba 9

Vitambaa vimebadilishwa mbele yetu leo. Ncha ni nyeusi na kavu, na chini yake kuna mstari ambao haujaamua. Daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya kuchoka, anasema haitafaa kuharakisha kisu; mwili wenyewe utachora mpaka kati ya kilichokufa na kilicho hai, na unaweza kuchukua wiki nyingi. Vingine vitaondoka. Vingapi, na kuanzia wapi, hajui.

Tazagul alikuwa akimlisha supu. Mezani kwao mke wa mwana hula baada ya wote, naye sasa ndiye anayesema lini na kiasi gani.

"Fungua mdomo, baba."

"Moto."

"Si moto. Nimepima kwa mdomo wangu." Akangoja, kijiko hewani, mpaka akafungua.

Jollibay alikuwa dirishani. "Majira ya joto utafunga wavu mwenyewe, baba. Mimi nakwambia. Vyote kumi."

"Huyu anasema vyote kumi," Mjomba aliniambia, bila kumgeukia. "Daktari anasema subira. Huyu wa supu anasema Mungu anajua, na Mungu anajua kweli, lakini hajaniambia. Wewe hujasema kitu tangu nilazwe. Umenieleza damu, umenieleza bahari, mikono yangu hujaisemea."

"Sina la hakika, Mjomba. Sitaki kukupa maneno matupu."

"Sijaomba hakika." Aliinua ile mikono miwili iliyofungwa, minene kama ya mtoto aliyevishwa glavu za baba yake, akaiweka juu ya blanketi karibu yangu. "Vitabaki? Hata hivi vya kushikia kikombe? Lile neno lako. Liseme."

Ilinichukua muda kulipata, neno ambalo nimelibeba mdomoni maisha yangu yote bila kuhisi uzito wake.

"Huenda," nikasema.

Akafumba macho.

"Tena," akasema.